Futari ya Mamung'unye Yasiyoonjwa

Kama umewahi kupita Mtunda ukasikia watu wanacheka habari ya msichana mwenye digrii aliyewafuturisha wageni kwa shubiri, usiulize zaidi, ni mimi, na naomba uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa wengine, maana huko inakosimuliwa wameshaitia chumvi nyingi (wapo wanaosema nilikuwa nawafanyia wazee majaribio ya chuo, jambo ambalo si kweli, ingawa nikikaa nikilifikiria naona halina tofauti kubwa na nililolifanya).

Naitwa Siwema. Chuoni nilisomea mimea, nikamaliza, nikakaa Dar mwaka mzima nikizungusha bahasha maofisini, zikaisha bahasha na nauli, nikarudi kwa Bibi Mtunda. Na jambo la kwanza la kujua juu yangu ni kwamba mimi ni mtu wa kuwaza. Ukinisalimia njiani nikakuitikia, naweza kwenda mpaka kisimani na kurudi nikijiuliza kama sauti yangu ilitoka na dharau. Bibi huwa ananiambia kichwa changu ni kama kuku anayetafuta pa kutagia, kinazunguka nyumba nzima.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Wiki ya kwanza niliitwa Kibiti mjini kwenye usaili wa mradi mmoja wa mbegu za asili, na usiku wake sikulala, nikawaza: nikienda nimefunga, mdomo utakauka, nitasahau majina, nitaanguka mbele ya watu. Basi alfajiri nikamwambia Bibi kwamba nina udhuru. Mwanamke aliye katika siku zake hafungi, na kwetu neno hilo likishasemwa hakuna anayeuliza la pili. Bibi akaitikia kwa kichwa tu. Nikaenda Kibiti, nikaingia mgahawa mmoja uliotundika pazia mlangoni, nikanywa chai na chapati mbili nimeinamia meza kama mwizi, kisha nikaenda kwenye usaili nikaambiwa umeahirishwa mpaka baada ya Idi. Nikarudi nyumbani nimeshiba, nimesema uongo, na sina nilichopata.

Kwa kuwa usaili ulikuwa bado unanisubiri, nikaanza kujiandaa. Kila asubuhi nilizunguka na daftari, kwenye mashamba, kwenye mikorosho, kandokando ya njia, nikiandika kila mmea unaotambaa na unaozaa kitu cha kuliwa: boga, tango, dodoki, tikiti, tango pori lenye miiba, mmung'unye. Nilichora majani, nikapima vikonyo kwa rula. Wanawake wakinikuta nimechuchumaa kichakani walinicheka.

"Bwana Shamba, umepoteza hereni?"

Wiki ya tatu udhuru wa kweli ukaja.

Hapa ndipo jambo lilipoanzia. Ningesema neno moja tu na mkasa wote usingekuwepo. Lakini nikawaza. Nyumbani tulikuwa wanawake watatu: Bibi, mimi, na mama mdogo Rukia, ambaye anakumbuka hata siku kuku fulani alipoanza kuatamia. Nikajiambia, nikisema tena, mama mdogo atahesabu siku kwenye vidole, atasema huyu mara mbili mwezi mmoja, ama anaumwa tumpeleke zahanati, ama mara ya kwanza alitudanganya. Kwa hiyo nikanyamaza. Nikawa naamka nao kula daku, wakati wa swala najifungia chumbani nakaa kitandani nahesabu dakika, na mchana naingia kwenye mihogo kula biskuti. Nilikuwa na njaa kuliko waliofunga, maana wao walikuwa na utulivu.

Sasa nikueleze habari ya mbegu, kwa sababu kilichopotea siku ile ni hicho.

Bibi yangu, Bibi Tatu, ana mbegu ya mung'unye aliyopewa na mama yake tangu wakiishi bondeni karibu na mto. Ni mung'unye fupi, nene kiunoni, ukilipika kwa tui linalainika bila kuwa maji, na halina haja ya sukari. Zamani kila nyumba ilikuwa nayo, wakaacha mmoja mmoja, akabaki yeye na chanja yake ya kutambazia mmea nyuma ya jiko. Mimi mwenyewe sikuwahi kumwomba hata punje (nilikuwa nasubiri nipate kazi ya mbegu za asili, ndiyo nianze kuzipenda). Kisha ikaja habari kutoka Mahege: maji yalipanda mashambani yakakaa, wanawake wa kule wakapoteza mbegu zao, na kiongozi wao, Bi Sharifa, akatuma ujumbe kwamba amesikia ya Bibi bado ipo, na angependa kuja kuiomba wapande kikundi kizima.

Bibi alilia. Simsingizii, alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi akalia, kisha akasema, "Basi nikifa haifi."

Lakini Bibi ana utaratibu wake aliourithi: mbegu ya mung'unye haitolewi kwa mtu aliyekuja kuomba tu. Anakula kwanza. Akila akaridhika, ndipo anafungiwa mbegu kwenye kitambaa, ili asije akasema baadaye alipewa kitu asichokijua. Kwa hiyo Bi Sharifa alialikwa kufuturu, na kwa heshima ya mgeni Bibi akawaalika pia majirani, wanaume barazani pamoja na Maalim wa msikitini, wanawake uani.

Saa tisa alasiri Bibi akanituma nikachume mamung'unye matano. Kwenye chanja niliyakuta matatu ya kufaa, mengine yalikuwa saizi ya yai. Nikawaza: nikirudi na matatu, chungu hakitatosha, mgeni atakula kidogo, hataridhika, mbegu haitatoka, na itakuwa mimi. Ndipo nikakumbuka kwamba kwenye daftari langu kulikuwa na mmung'unye mwingine, pale kwenye pagala la jirani mmoja marehemu, umepanda mpaka juu ya kuta. Nikaenda. Jani lile lile, vinyweleo vile vile, ua jeupe lile lile. Nikachuma mawili, nikarudi natembea kwa maringo.

Bibi ana mtoto wa jicho, vitu huviona kwa viganja. Akayapapasa moja moja.

"Haya mawili si ya kwangu."

"Ya pagalani, Bibi. Lakini ni mmung'unye ule ule. Nimetazama jani, nimetazama ua, hata vile vichunusi viwili kwenye shingo ya jani vipo."

"Vichunusi?"

"Ndiyo, Bibi. Boga halina, tango pori halina. Ni alama yake."

"Mke mwenzangu," akasema (ananiita hivyo kwa utani, kwa sababu marehemu babu alikuwa akiniita mchumba), "mimi sijauliza kama ni boga. Pale alikaa mtu wa vibuyu, akichonga kata za kuchotea maji na kuuza. Kibuyu kichanga na mung'unye ni mapacha, anayewatenganisha ni ulimi peke yake. Nani humu ndani hana swaumu aonje?"

Kwetu mung'unye haliingii chunguni bila kuonjwa. Unakata kipande upande wa kikonyo, unagusa na ulimi, lililo chungu likitupwa hakuna anayelisikitikia. Mwezi wa Ramadhani anaonja mtoto au mwanamke mwenye udhuru, lakini watoto siku ile walikuwa madrasa na wangefuturu huko huko. Maalim aliwahi kusema kwamba hata mpishi aliyefunga anaruhusiwa kuonja akatema. Bibi akasema Maalim hajawahi kupika.

"Mimi nimefunga," akasema mama mdogo Rukia, akikuna nazi. Kisha akainua macho akanitazama, akayaacha hapo. "Na wewe, Siwema?"

Ulimi wangu ulikuwa bado una chembe za biskuti.

"Nimefunga," nikasema.

Na jambo linaloniuma mpaka leo ni kwamba nilijua. Katika nyumba ile nzima mimi ndiye niliyejua kuliko wote kwamba uchungu wa mung'unye hauonekani kwa jicho, si kwenye jani, si kwenye ua, si kwenye kichunusi. Tuliulizwa kwenye mtihani. Niliandika ukurasa mzima, nikapata alama nzuri. Lakini mdomo wangu ulishasema nimefunga na haukuwa na njia nyingine ila kuendelea, kwa hiyo nikaanza kumweleza Bibi habari za umbo la mbegu na upana wa jani, nikaongea sana, kama watu wanavyoongea wakiwa hawana hakika, hadi Bibi akasema, "Haya, wewe ndiye uliyesoma."

Nikapata wazo. Nikakata kipande kidogo kikonyoni, nikakificha kwenye pindo la kanga, nikaaga kwamba nakwenda bafuni. Ningelamba huko, ningejua, ningerudi na sababu yoyote ya kuyatupa yale mawili. Nilikuwa hatua sita kutoka kwenye makuti ya bafu, bodaboda ikasimama, akashuka Bi Sharifa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mjukuu msomi? Hebu nikuone!"

Akanishika mikono yote miwili, akauliza ya nyumbani, ya afya ya Bibi, ya chuo, kama nimeolewa, kama nina mchumba, kwa nini sina, akanivuta twende pamoja mpaka uani akiwa bado ameushika mkono wangu. Tulipofika mama mdogo alikuwa ameshayamenya yote, ameshayakatakata, yamechanganyika chunguni na tui linachemka. "Nilikungoja," akasema taratibu, "muda ukapita."

Nikakidondosha kile kipande chini. Kuku akaja mbio, akakidonoa mara moja, akakiacha, akapangusa mdomo wake mchangani. Nikajiambia ameshiba.

Ikaadhiniwa. Watu wakafungua kwa tende na maji, uji ukapita, kisha masinia yakaondolewa kawa. Uani tulikaa wanawake tisa kwenye mkeka, na Bi Sharifa akapewa heshima ya kuanza. Bibi hakula, alikaa pembeni ameelekeza sikio, anasubiri kusikia.

Bi Sharifa akatia tonge mdomoni. Nikaona shingo yake inasimama. Macho yakajaa machozi. Akatafuna, akameza (alimeza, jamani!), akasema, "Mashaallah, Bibi Tatu. Limeiva vizuri." Na akachukua tonge la pili.

Wanawake wengine wakaona mgeni anakula, nao wakala. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwaibisha mwenye nyumba mwenye umri ule. Na mimi nikatia kidogo ulimini: ilikuwa kama kutafuna vidonge vya malaria vya zamani, uchungu unaoshuka mpaka nyuma ya masikio. Barazani wanaume walikuwa kimya kabisa, kimya cha watu wanaojilazimisha. Bibi akauliza, "Vipi, liko tamu?" Bi Sharifa akajibu, "Tamu, bibi yangu," na sauti ikamkatika.

Hapo kile nilichosoma kikanirudia chote kwa mpigo, kwamba mung'unye chungu kiasi kile si ladha mbaya tu, linachubua tumbo, watu hutapika damu. Nikasimama nikapiga kelele.

"Msile! Lina sumu!"

Ukitaka kujua neno gani la kutosema kijijini mbele ya chakula cha watu, ndilo hilo. Barazani sinia likaanguka. Mtu akauliza kwa sauti, "Sumu? Nani katia sumu?" Mwingine akasema mke wake aitwe, mwingine anataja jina la Mungu, mwingine keshatia vidole kooni. Nikajaribu kueleza kwamba sumu hii ni ya asili ya mmea, kwamba ipo hata porini, na kila nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana naijua sana. Maalim akaja mpaka kwenye mlango wa uani akasimama upande.

"Bibi Tatu, kumetokea nini?"

"Mung'unye halikuonjwa, Maalim," akajibu Bibi.

"Nyumba ya wanawake watatu, halikuonjwa?"

"Wote tulikuwa tumefunga."

"Wote?" akasema mama mdogo Rukia. Hakupaza sauti, lakini baraza nzima ilisikia. "Siwema, wote? Makaratasi ya biskuti kule kwenye mihogo ni ya nani? Siku nne hizi nayaokota mimi. Nimekukazia macho pale nikitaka useme mwenyewe, ukasema umefunga. Na kama hizi ndizo siku zako, zile za wiki ya kwanza zilikuwa za nini?"

Nilikuwa nimesimama katikati ya mkeka, Bi Sharifa anatapika kwenye beseni miguuni pangu, na wanaume kumi na kitu ng'ambo ya ukuta wanasubiri jibu la swali lile. Siku zangu. Mbele ya Maalim.

"Sikuwa nazo," nikasema. "Nilidanganya."

Ikasikika sauti ya mzee mmoja barazani: "Kumbe kaonja kwa daftari!" Wakacheka, hata waliokuwa wakitapika walicheka katikati. Mwingine akadakia, "Msomi, andika na hilo, kikonyo chake sentimita ngapi?" Niliingia ndani nikafunga mlango, kisha nikawaza kwamba mtu aliyelisha watu sumu hawezi kulala akasikiliza wakitapika, nikatoka tena, nikakoroga maji ya chumvi na sukari, nikazunguka nayo. Waliyapokea bila kunitazama. Muuguzi wa zahanati alikuja akawapima, akasema waliokula tonge mbili tatu watapona. Walipona. Aliyeumwa zaidi alikuwa Bi Sharifa, kwa sababu ndiye aliyekuwa na adabu zaidi.

Asubuhi alikuwa amelala kwenye kitanda cha Bibi, amelegea, lakini anatabasamu. Akakaa, akasema maneno ambayo sikuyategemea.

"Bibi Tatu, mimi ni mkulima. Najua lililotutapisha halikutoka chanjani kwako. Nipe mbegu niondoke jua halijawa kali."

Bibi akatoa kitambaa alichokuwa amekifunga tangu wiki iliyopita. Uso wake ulifunguka, nakwambia, kama mtu aliyerudishiwa kitu. Bi Sharifa akakipokea, akanigeukia, nadhani alitaka tu kunirudisha katika watu, maana nilikuwa nimejibanza mlangoni kama mgeni.

"Haya msomi wetu, tuambie. Hizi hazina neno?"

Lilikuwa swali la upole. Ningesema hazina neno, ingetosha. Lakini nilikuwa nimekesha nikiapa kwamba sitasema uongo tena, hata mdogo, na jibu la kweli nilikuwa nalo.

"Huenda hazina, huenda zina," nikasema. "Ule wa pagalani ulikuwepo tangu mwaka jana, ulitoa maua wakati mmoja na wa Bibi. Wadudu wanapita huku na huku. Tunda linaweza kuwa tamu na mbegu iliyomo ikazaa chungu. Haijulikani mpaka ipandwe."

Bi Sharifa akakitazama kile kitambaa.

"Wenzangu wana msimu mmoja tu wa kungojea," akasema. "Nikiwapelekea huenda, wakapalilia, wakachota maji, kisha likatoka la jana..." Akakirudisha kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akamwomba Bibi radhi, akaita bodaboda.

Bibi alikaa na kitambaa mapajani hadi mlio wa pikipiki ukaisha. Kisha akaniita kwa jina langu.

"Siwema. Jana ulitakiwa useme, ukanyamaza. Leo ulitakiwa unyamaze, ukasema."

Nimeliwaza neno hilo kwa kila upande na bado sijui kama ana haki. Usiku mmoja naona nilifanya vyema, wanawake wa Mahege wameepuka hasara, usiku mwingine naona nilikuwa nausafisha moyo wangu kwa mali ya Bibi. Ule wa pagalani niliung'oa mwenyewe siku ile ile, na hakuna aliyenishukuru. Bibi hakupanda mwaka huu. Nilimwambia tupande kidogo mbali na watu, tuonje kila tunda, tuchague matamu, miaka miwili mitatu itarudi safi. Akaniuliza kama namwona ana miaka mitatu.

Kwa hiyo nimeapa, na nawaambia na nyinyi mnaocheka: nikiwa na udhuru nitasema nina udhuru, hata baraza iwe imejaa mashekhe, na nisipokuwa nao sitausema hata nikiitwa usaili wa urais. Swaumu zangu za mwezi ule nimezilipa zote, ile ya Kibiti nimeilipa mara mbili kwa hofu. Ile mbegu nimemuuliza Maalim inalipwaje. Akasema hilo nimuulize Bibi.